Yule mtoto wa kwenye bango alipona?

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia usiku huu baada ya kikao cha kamati ambacho watu wameondoka bila hata kuagana. Naomba unishauri kabla hatujavunjika kabisa.

Mimi ni mwenyekiti wa matembezi ya hisani tunayofanya mara moja kwa mwaka kuchangia matibabu ya watoto waliozaliwa na nyayo za kifundo. Mdogo wangu alizaliwa hivyo, nyayo zote mbili zimegeukia ndani, na wakati ule nyumbani hatukujua kwamba kuna tiba. Mpaka leo anakanyagia ubavu wa mguu na viatu vyake huisha upande mmoja. Ndiyo maana nilipowaita wenzangu wanane miaka mitano iliyopita, sikuhitaji maneno mengi.

Mwaka wa kwanza walikuja watu 412. Hatukuwa na jukwaa wala fulana. Tulikuwa na kipaza sauti cha kuazima na bango moja lenye picha ya mtoto mchanga aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Mwaka wa pili wakafika 530, wa tatu 610. Tulipoona hivyo tukajiona tumefika. Tukatengeneza fulana, tukakodi jukwaa na muziki mkubwa, tukabadilisha tarehe na njia ili kumfuata mgeni rasmi ambaye ratiba yake ilikuwa imebana. Mwaka wa nne wakaja 455. Mwaka huu, 290. Katika kila 100 ya michango iliyoingia, 58 imeliwa na shughuli yenyewe, wakati mwaka wa kwanza ilikuwa 12. Kampuni iliyokuwa ikitudhamini ilitwambia wiki tatu kabla ya siku kwamba safari hii haina fungu, na pengo hilo tuliliziba kwa kukopa.

Sasa kamati imegawanyika. Vijana wanasema watu wamechoka kutembea, tufanye tamasha la usiku na msanii mwenye jina. Mweka hazina anasema tupumzike mwaka mmoja, watu watukumbuke. Wengine hawasemi kitu, hawaji tu. Kati ya tisa tumebaki wanne. Mimi ndiye ninayefuatilia kibali, mimi ndiye ninayepigia simu wafadhili, mimi ndiye ninayehesabu chupa za maji. Wiki ile ya matembezi nililala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku. Nikitaka kuacha, nawaona wale akina mama kwenye benchi la kliniki.

Kuna jambo moja zaidi, dogo, ila linanisumbua. Siku ya matembezi mama mmoja mtu mzima, ambaye hajakosa hata mwaka mmoja, alinishika mkono pale kwenye meza ya kuandikisha akaniuliza, “Mwanangu, hivi yule mtoto wa kwenye bango la kwanza alipona?” Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri. Mjomba, sikujua. Mpaka sasa sijui.

Nifanye nini? Tufanye tamasha, tupumzike, au nikubali kwamba shughuli hii imefika mwisho?

Mwenyekiti Aliyechoka

*

Marahaba mpwa wangu,

Pole sana. Uchovu wako nimeuona mpaka kwenye namna ulivyozihesabu zile chupa za maji. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimejikuta nasimama kwa yule mama mtu mzima. Umemweka mwishoni na kuliita swali lake jambo dogo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo lenyewe, na mengine yote, tamasha, kupumzika, mdhamini aliyejitoa, yanakuja nyuma yake.

Mfikirie vizuri. Amekuja mara tano. Ametembea, ametoa, ameona jukwaa likikua na muziki ukiongezeka sauti, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia pesa yake ilifanya nini. Ilibidi aulize mwenyewe. Mwaka wa tatu ulikuwa na watu 610, mwaka huu 290. Naamini wengi kati ya waliopotea walikuwa na swali kama lake. Tofauti ni kwamba wao hawakukushika mkono. Walibaki nyumbani.

Vijana wako wanasema watu wamechoka kutembea. Mimi sikubaliani nao, na nitakwambia kwa nini. Kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani, alianza tarehe 12 Aprili 1980 kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja na wa bandia mmoja, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373, mpaka ugonjwa uliporudi kwenye mapafu ukamsimamisha. Alifariki Juni 1981. Septemba mwaka huohuo watu wapatao 300,000 walitoka kukimbia na kutembea kwa jina lake, na mbio hizo zimeendelea kila mwaka tangu hapo. Hakuna mshindi, hakuna zawadi, na hakuna kiingilio cha lazima. Mtu anatembea, anasukuma baiskeli yenye mtoto, anatoa alichonacho. Miaka zaidi ya 40 ya kutembea, mpwa wangu, na watu hawajachoka, kwa sababu kila anayefika pale anajua anatembea kwa ajili ya nani.

Hilo la tamasha na msanii mwenye jina nimelipitia mwenyewe, na bado linaniuma. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati iliyokuwa ikichangia wodi ya watoto. Tulikuwa na mlo wa mchana wa kila mwaka, wa kawaida kabisa, watu wanakula, wanasikia taarifa ya wodi, wanachanga, wanaondoka. Mwaka wa nne tukaona aibu kwa udogo wake. Tukamleta mwimbaji, tukakodi ukumbi mkubwa, ukajaa mpaka watu wakasimama. Usiku ule tulikumbatiana. Siku ya tatu nilikaa mezani na risiti: ya ukumbi, ya vyombo vya muziki, ya jenereta, ya gari la msanii, ya chumba cha msanii, ya watu waliokuja na msanii. Nilizipanga moja baada ya nyingine mpaka nikamaliza meza. Kilichobaki kwa ajili ya wodi kilikuwa pungufu ya mwaka uliotangulia, ule wa ukumbi mdogo. Na waliokuja usiku ule walikuja kwa ajili ya mwimbaji. Mwaka uliofuata, yeye hakuwepo, na wao hawakuwepo.

Kwa hiyo unapopima shughuli yako, usiangalie kilichoingia. Angalia kilichobaki baada ya kila risiti, kisha kigawanye kwa kile mtoto mmoja anachohitaji. Wewe umeniandikia 12 na 58, na nakupongeza kwa kuzijua hizo namba, kwa sababu kamati nyingi hazizijui. Zipeleke kwenye kikao kijacho zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, bila hotuba. Kisha wekeni ukomo, kwamba kwa mfano katika kila 100 hamtazidisha 20 kwa gharama, na kitu chochote kinachovuka hapo lazima kitolewe bure au kiachwe. Jukwaa litaondoka lenyewe. Fulana pia, labda apatikane mtu wa kuzilipia zote. Usilie juu ya fulana.

Vijana watakutajia ile changamoto ya ndoo ya barafu ya mwaka 2014, wakisema jambo jipya na la kuvutia ndilo linaloleta pesa. Ni kweli ilileta. Watu duniani kote walijimwagia maji ya barafu mbele ya kamera, na chama cha Marekani kinachoshughulikia ugonjwa wa ALS, ule unaoua neva za misuli, kikapata dola za Marekani milioni 115. Pesa ile ilifanya kazi nzuri katika utafiti na siidharau hata kidogo. Lakini walipojaribu kuirudisha mwaka uliofuata, haikukaribia hata kidogo ile ya kwanza. Mafuriko hayaji kwa miadi. Ninyi mnahitaji kisima, na nitakueleza kwa nini ninyi hasa kuliko wengine.

Tiba ya watoto wenu yenyewe ndiyo inayodai hivyo. Njia inayotumika sehemu nyingi duniani leo ni ile ya daktari Ignacio Ponseti, aliyeiendeleza Iowa huko Marekani. Mtoto ananyooshwa mguu taratibu kwa mikono na kufungwa plasta, na plasta inabadilishwa kila wiki, mara nyingi wiki 5 hadi 8. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino ili mguu ushuke sawasawa. Watu wengi hudhani kazi imeisha hapo, kwa sababu kwa macho mguu umeshanyooka. Haijaisha. Mtoto anavishwa vile viatu viwili vidogo vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu mpaka anapofika miaka 4 au 5. Na mtoto anakua. Viatu vya miezi sita havimtoshi akiwa na mwaka mmoja. Vikikosekana, mguu unarudi ulikotoka.

Umeona? Pesa inayoingia kwa kishindo usiku mmoja kisha ikakauka inaweza kununua plasta za watoto wengi na kuwaacha wote katikati, bila viatu vya mwaka wa pili. Mweka hazina wenu anayesema mpumzike mwaka mmoja, mwulize kwa upole, watoto walioko kwenye viatu wapumzike pia? Sisemi hivi kumsuta. Nadhani amechoka kama wewe, na deni linamtisha. Lakini mwaka ukirukwa watu hawakukumbuki, wanazoea kuishi bila wewe. Punguzeni badala ya kuacha. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, mbio za Terry Fox hazikufutwa. Kila mtu alitembea peke yake pale alipo, siku ileile. Siku ikalindwa. Ninyi nanyi mkiwa na nguvu ya watu 150 tu mwakani, fanyeni ya watu 150, na mlipe deni kwanza, hadharani.

Nimesema siku, na hapa naomba nikae kidogo. Mlibadilisha tarehe kumfuata mgeni rasmi. Nadhani hilo liliwagharimu kuliko kuondoka kwa mdhamini. Mtu anayekuja kila mwaka hajaiandika tarehe yako mahali. Ameizoea tu, kama anavyozoea siku ya kwenda ibadani. Wale wa Movember, wanaofuga masharubu kuchangia afya ya wanaume, waliokuwa wanaume 30 tu huko Melbourne, Australia, mwaka 2003, wameshikilia mwezi wa Novemba mpaka mwezi wenyewe ukawa jina lao. Chagueni siku, tuseme Jumamosi ya pili ya mwezi fulani, muishike bila kuyumba, na mgeni rasmi akiwa na shughuli nyingine, mtakiane heri. Tena tangazeni tarehe ya mwakani siku hiyohiyo ya matembezi, watu wakiwa bado wanajifuta jasho, na meza ya kuandikisha ya mwakani iwe wazi palepale. Usisubiri miezi kumi ndipo uanze kuwatafuta upya kama wageni.

Sasa kazi ya wiki hii. Daftari za kuandikisha za miaka mitano unazo? Natumaini unazo. Kama ziko kwenye begi la mtu aliyeacha kuja vikaoni, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza. Zikae mezani, wewe na wale watatu waliobaki, mtafute majina ya watu waliokuja angalau mara mbili kisha wakakoma. Chukueni 40. Kila mmoja wenu awapigie 10. Sauti kwa sauti, sio ujumbe uleule mmoja uliotumwa kwa watu wote. Salamu, asante kwa miaka uliyokuja, tulikukosa, kuna jambo tulikosea? Kisha nyamaza umsikilize. Usiombe hata senti kwenye simu hiyo. Ukiomba, utakuwa umemthibitishia kwamba mnamkumbuka mkiwa na shida tu.

Najua utakachokisikia, kwa sababu nimewahi kuzipiga simu hizo. Mmoja alihama. Mmoja anauguza. Mmoja atasema hakujua kama mwaka huu yalifanyika. Mmoja atasema alituma mchango kwa simu na hakujibiwa, hata neno asante, akabaki hajui kama ulifika. Huyo wa mwisho mwandikie jina lake kwa wino mwekundu. Mchango usiojibiwa ndani ya siku mbili ni mchango wa mwisho. Katika kamati awepo mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kushukuru na kutuma risiti, na msimpe kazi nyingine, hata ya viti.

Mkiwa kwenye daftari hizohizo, tazameni jambo jingine: nani alikuja na watu. Utakuta jina moja na chini yake majina nane ya wafanyakazi wenzake, au kwaya nzima, au dada na shemeji na watoto wao. Hao waliokuja na wengine pengine hawafiki 25, na ndio waliowajengea ile 610. Mnawaandikisha mmojammoja kama kila mtu kafika peke yake, kwa hiyo hamjawahi kuwaona. Mwaka 1985 daktari mmoja wa upasuaji, Gordy Klatt, alizunguka kiwanja huko Tacoma, Marekani, kwa saa 24, akapata dola 27,000 za kupambana na saratani. Kitendo cha ajabu, lakini angekirudia peke yake kila mwaka mpaka lini? Mwaka uliofuata zilikuja timu 19, watu wakipokezana, na kutoka hapo ikazaliwa Relay For Life, ambayo imeenea nchi nyingi. Angalia alichofanya: mzigo aliokuwa ameubeba mgongoni aliwagawia wengine. Nawe waite hao 25, mahali patulivu, uwaombe kila mmoja awe kiongozi wa kikundi chake, akusanye watu wake na michango yao kabla ya siku. Mtu akiitwa na rafiki yake ni vigumu kukaa nyumbani.

Hii inanileta kwako mwenyewe. Mpwa wangu, saa tatu za usingizi sio ushujaa, ni dalili kwamba shughuli imejengwa juu ya mtu mmoja. Ukiugua malaria wiki ile, hakuna matembezi. Nunua daftari moja gumu. Andika humo kila kitu ulichonacho kichwani: kibali huombwa ofisi gani na siku ngapi kabla, nani anaazimisha kipaza sauti, maji yalibaki au yalipungua na kwa kiasi gani, gari la huduma ya kwanza lilisimama wapi, mlikosea nini saa mbili asubuhi. Andika wakati bado unakumbuka, mwezi huu. Kisha kila kiti cha kamati kipate naibu, na cha kwako kwanza. Tangaza leo kwamba matembezi yajayo ni ya mwisho wewe ukiwa mwenyekiti, na anayekufuata akae pembeni yako tangu sasa akiona kila kitu. Wale vijana wa tamasha, umewaandika kama wapinzani. Mimi nawaona ni watu wenye nguvu ambao hawajapewa kazi. Mmoja wao ndiye naibu wako.

Ni kweli pia kwamba wanachotaka, kitu kipya, kina ukweli ndani yake. Shughuli inayofanana kila mwaka kwa kila kitu huchosha. Basi wape kitu kimoja cha kubadilisha kila mwaka, kimoja tu, tarehe na njia zikibaki vilevile. Mwaka huu ninalo pendekezo langu na nitalisema mwishoni.

Kuhusu mdhamini, sitasema mengi. Kampuni ile haikuwatendea vema kuwaambia wiki tatu kabla, lakini nanyi mlikuwa mmeegemea mti mmoja. Asiwepo mdhamini mmoja anayebeba zaidi ya robo ya gharama zenu. Waombe vitu kabla ya pesa, yaani maji, uchapaji, hema, na waombe ahadi ya miaka miwili au mitatu kwa maandishi. Na wapelekeni taarifa ileile mnayowapa watembeaji. Kampuni nayo hujiuliza kama mtoto alipona.

Pembeni ya siku yenyewe, anzisheni mchango mdogo wa kila mwezi. Kiasi ambacho mtu hakioni kikitoka. Unganisheni na kile kiatu: kikundi kimoja kinabeba viatu vya mtoto mmoja mpaka afike miaka mitano. Mkifanya hivyo hata na vikundi sita, mtakuwa na fedha zisizotegemea jua wala mvua ya siku moja, na watu wenu watakuwa na sababu ya kuuliza habari katikati ya mwaka.

Sasa turudi kwa bango. Nenda kliniki ukatafute mtoto yule. Nenda mwenyewe, kwa heshima, kupitia wahudumu wanaomjua mama yake, na umuulize mama kwanza kama yuko radhi kuongea na wewe. Akikataa, mshukuru uondoke. Na hili naomba ulichukue kwa uzito: picha ya mtoto yule imezunguka miaka mitano. Je, mama aliulizwa? Kama hakuulizwa, mwombe radhi. Watoto hawa wanakua, wanaanza shule, na hakuna anayetaka kuoneshwa plasta yake kwenye bango na wenzake darasani. Kuanzia sasa picha zitoke kwa ridhaa ya maandishi, bila majina, na zimwoneshe mtoto akiwa anasimama, anacheza, anamkimbia kaka yake.

Unaweza kukuta habari njema. Unaweza pia kukuta kwamba mama alihama, viatu vikambana mtoto, akaacha, na mguu umeanza kurudi. Ukikuta hivyo usikae kimya. Mguu uliorudi mara nyingi hunyooshwa tena kwa plasta, na huyo anakuwa mtoto wenu wa kwanza mwakani. Na uwaambie watembeaji, kwa sentensi zilizonyooka, bila kumtaja: mtoto mmoja tuliyemsaidia alikosa viatu vya mwaka wa tatu, hatukumfuatilia, sasa tumempata. Utaogopa kwamba watakata tamaa. Niliwahi kusimama mbele ya watu kusema kwamba mashine tuliyoinunulia wodi ilikaa miezi minne bila kufanya kazi kwa kukosa kifaa kimoja. Nilitetemeka. Aliyenyanyua mkono wa kwanza aliuliza kifaa ni bei gani.

Taarifa hiyo iwafikie watu wote wa daftari ndani ya siku 30 baada ya matembezi, ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, watoto wangapi wameanza plasta, wangapi wako kwenye viatu, wangapi wamemaliza. Ya mwaka huu umechelewa, itume hata hivyo, na deni mliandike humo.

Na pendekezo langu ni hili. Watoto wa matembezi ya kwanza walikuwa wachanga miaka mitano iliyopita. Hesabu umri wao. Mwaka huu ndio wanaovua vile viatu vya chuma kwa mara ya mwisho. Wazazi wao wakiridhia, mita 100 za mwisho za matembezi ya sita waachiwe wao. Watu wazima wote wasimame kando, kimya, bila muziki, watoto wapite. Mdogo wako naye awepo pale kwenye utepe, akipenda, awapokee.

Ila kabla ya hayo yote, ukishatoka kliniki na jibu mkononi, liwe lolote lile, usilipeleke kwenye kikao kwanza. Namba ya yule mama mtu mzima iko kwenye daftari. Mpigie yeye.

Mjomba